Dokta Tujibu: TSH imepanda halafu naambiwa tezi iko chini, inakuwaje?

Barua za tezi ya thairoidi, wengine mnaiita tezi ya shingo, zimekuwa nyingi kiasi kwamba mwezi huu nimeona nisichanganye na mambo mengine kabisa. Wengi wenu mnaniandikia mkiwa na karatasi ya majibu mkononi na hakuna aliyekaa nanyi chini akawaeleza, na hilo linaniuma, manake hii tezi ukishaelewa inavyofanya kazi hofu nusu inaondoka. Tuanze.

SWALI: Dokta shikamoo. Mi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34. Kama mwaka hivi nachoka ovyo, naamka asubuhi nimechoka kuliko nilivyolala, mwili unaongezeka na chakula chenyewe nakula kidogo tu, ngozi imekauka, nywele zinakatika, choo kwa shida, na nasikia baridi wakati wenzangu wanajipepea. Nimepima, karatasi inasema TSH 18 na T4 iko chini, halafu naambiwa tezi yangu iko chini. Sasa 18 si ni juu? Maabara hawajachanganya kweli? (Mama wawili)

JIBU: Marahaba mama. Maabara hawajachanganya, na swali lako ndo swali zuri kuliko yote niliyopata mwezi huu kwa hiyo utanivumilia nikirefusha.

Tezi yenyewe iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo, ina mapande mawili, la kulia na la kushoto, katikati yameungana kwa kipande chembamba. Ni ndogo, kwa mtu mzima inakuwa na gramu 15 mpaka 25 hivi. Kazi yake ni kunyonya madini joto, yaani iodini, kutoka kwenye damu na kuyatumia kutengeneza homoni mbili, T4 na T3. Hizo 4 na 3 ni idadi ya atomu za iodini zilizomo kwenye homoni, basi. Inayotoka kwa wingi ni T4, lakini yenye nguvu ya kufanya kazi ni T3, na T3 nyingi uliyonayo mwilini, kama asilimia 80 hivi, haitoki kwenye tezi moja kwa moja, inatengenezwa huko huko mwilini, kwenye ini, figo, misuli na sehemu nyingine, kwa kuinyofoa T4 atomu moja ya iodini.

Hiyo T3 ikishaingia ndani ya seli inaenda mpaka kwenye kiini, inashika vipokezi vyake, na hapo inawasha jeni fulani na kuzima nyingine. Ndo maana ukipungukiwa huumwi sehemu moja, unaumwa kila mahali kidogo kidogo, kwa sababu karibu kila seli inaihitaji. Seli zinatumia oksijeni kidogo, joto linapungua ndo hiyo baridi unayosikia, utumbo unasukuma polepole ndo choo kinakuwa kigumu, ngozi na nywele zinachelewa kujijenga upya, moyo unapiga taratibu, hedhi inaweza kuwa nzito au kuvurugika, na hata kolestro inapanda manake ini linachelewa kuiondoa kwenye damu. Kuna watu wanatibiwa kolestro muda mrefu na hakuna aliyewaza kupima tezi.

Sasa tuje kwenye TSH yako. TSH si homoni ya tezi ya shingo. Inatoka kwenye tezi ya pituitari, iko chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiambia thairoidi itengeneze homoni. Pituitari nayo inapokea amri kutoka sehemu ya ubongo iliyo juu yake, haipothalamasi, kupitia homoni inayoitwa TRH. Chukulia ni mtu anamwita mwenzake aliye chumba cha pili, akiitikiwa anaongea kawaida, asipoitikiwa anapaza sauti, na kadiri kimya kinavyozidi ndivyo anavyozidi kupiga kelele. TSH ndo hiyo sauti. Homoni za tezi zikipungua kwenye damu pituitari inapaza, TSH inapanda, homoni zikizidi inanyamaza, TSH inashuka karibu na sifuri. Kwa hiyo 18 yako, wakati kawaida kwa maabara nyingi ni kama 0.4 mpaka 4.0, maana yake pituitari inaita kwa nguvu na tezi haiitikii vya kutosha. TSH juu, tezi chini. Zinaenda kinyume, na ukishika hilo tu karatasi nyingi za thairoidi utazisoma mwenyewe.

Kwa nini tezi imefika huko? Pale ambapo watu wanapata iodini ya kutosha, chanzo kinachoongoza ni kinga ya mwili kuishambulia tezi yenyewe, ugonjwa unaoitwa Hashimoto, jina la daktari wa Japani Hakaru Hashimoto aliyeueleza mwaka 1912. Hujafanya kosa lolote mama, si chakula wala si uvivu, na wanawake wanapata matatizo ya thairoidi mara nyingi zaidi kuliko wanaume. Muulize daktari wako kama kuna haja ya kupima kingamwili za TPO, yaani askari wa kinga wanaolenga kimeng'enya cha tezi, ndizo zinazoonyesha kama ni hiyo. Na nikuambie ukweli kuhusu uzito, usije ukakata tamaa baadaye: kilo zinazoletwa na tezi peke yake huwa chache na sehemu kubwa ni maji na chumvi mwili uliovishikilia, kwa hiyo dawa itakusaidia lakini usitarajie ikurudishe ulivyokuwa miaka kumi iliyopita.

Wengine mnaosoma hapa msikimbilie kusema na mimi ninachoka basi ni tezi. Uchovu una njia nyingi, upungufu wa damu, sukari, kukosa usingizi, sonona. Ndo maana tunapima.

SWALI: Habari dokta, nimeanzishiwa levothairoksini, leo siku ya tisa na sioni tofauti yoyote. Dada yangu anatumia dozi kubwa mara mbili ya yangu na yuko vizuri kabisa. Naweza kuongeza mwenyewe? Halafu nameza na chai asubuhi pamoja na vidonge vya madini ya chuma. (Asiye na subira)

JIBU: Usiongeze, tafadhali sana. Levothairoksini ni T4 yenyewe kwenye kidonge, na siku tisa kwa homoni hii ni kama hujaanza. T4 inakaa sana kwenye damu, inachukua kama siku 7 nusu yake kuondoka, kwa hiyo ukimeza kila siku kiwango kinajijenga polepole na kinachukua kama wiki tano au sita mpaka kitulie. Juu ya hapo kuna ile habari ya jeni niliyosema hapo juu, homoni inabidi iwashe jeni, seli itengeneze protini mpya, vitu vianze kubadilika, hakuna njia ya mkato. Ndo maana kipimo cha TSH kinarudiwa baada ya wiki 6 mpaka 8 na siyo kabla, ukipima wiki ya pili utapata namba isiyokuambia kitu na utajiletea presha bure.

Upande mwingine huo huo ndo uzuri wake. Kwa kuwa haiondoki haraka kidonge kimoja kwa siku kinatosha, na ukisahau siku moja hutaanguka.

Dozi ya dada yako ni ya dada yako. Inategemea uzito, umri, moyo, na tezi imebaki na uwezo kiasi gani, kuna mtu tezi yake imetolewa yote na kuna mwingine tezi bado inafanya nusu ya kazi, hawawezi kumeza sawa. Mtu mzima sana au mwenye ugonjwa wa moyo anaanzishiwa kidogo kabisa na kupandishwa taratibu, manake ukimzidishia ghafla moyo unaweza kuanza kwenda ovyo. Ukizidisha kwa muda mrefu hata mifupa inapungua nguvu.

Ila kwenye chai na madini ya chuma hapo umeniambia kitu cha maana kuliko swali lako, na ninafurahi umekitaja. Levothairoksini inataka tumbo tupu, maji matupu, halafu usubiri nusu saa mpaka saa nzima ndo unywe chai au kahawa na kula. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu vinaishika hiyo dawa tumboni isiingie kwenye damu, kwa hiyo viweke mbali nayo masaa manne. Ukishindwa asubuhi wengine wanameza usiku kabla ya kulala, masaa matatu au zaidi baada ya chakula cha usiku, inakubalika, mradi uwe na utaratibu mmoja kila siku. Mara nyingi sana mtu anaongezewa dozi mara mbili mara tatu kumbe shida ni jinsi anavyomeza. Rekebisha hilo kwanza na umwambie daktari wako umelirekebisha lini, ili asome kipimo kijacho akijua.

SWALI: Dokta mambo. Mimi kijana wa miaka 27. Nakula kama sina akili nzuri ila nakonda, mikono inatetemeka, jasho, moyo unadunda hata nikiwa nimelala, usingizi sina, nakuwa mkali kwa watu wangu bila sababu. Watu wameanza kuniangalia vibaya na macho kweli yamekuwa kama yanatoka nje. TSH 0.01 chini kabisa na T4 juu. Naogopa. (KJ)

JIBU: Pole sana mdogo wangu, na ukali huo kwa watu wako si tabia yako mpya, waonyeshe hata hii barua. Homoni zako zimezidi. Kila kitu alichonacho yule mama wa kwanza wewe unacho kinyume chake, seli zako zinaunguza chakula kuliko unavyoingiza, moyo unasukumwa, mishipa ya fahamu imechangamka kupita kiasi. Na TSH yako iko chini kwa sababu pituitari imeshaona homoni ni nyingi na imenyamaza kabisa.

Utaniuliza, kama pituitari imenyamaza nani anaiamuru tezi iendelee? Kwa dalili zako na hasa macho nafikiria ugonjwa wa Graves, japo atakayethibitisha ni daktari aliyekuona. Robert Graves, daktari wa Ireland, aliueleza mwaka 1835, na kule Ujerumani wanauita Basedow, kwa jina la daktari wao aliyeueleza mwaka 1840. Hapa kinga ya mwili inatengeneza kingamwili zinazokaa kwenye kipokezi kile kile cha TSH na kukiwasha, na zenyewe hazijui kuacha. Tezi inaamini inaitwa, inaendelea kutengeneza. Kingamwili hizo hizo zinahusika na uvimbe nyuma ya macho, ndo maana yanasukumwa mbele.

Inatibika, na hilo nataka ulisikie kabla ya kitu kingine chochote. Kuna vidonge vya kuizuia tezi kutengeneza homoni, kama kabimazoli, watu wengi wanatumia mwaka mmoja mpaka mmoja na nusu na baadhi ugonjwa unatulia, na kuna dawa kama propranololi ya kutuliza moyo na kutetemeka wakati unasubiri za kwanza zifanye kazi, manake nazo zinachukua wiki kadhaa: zinazuia homoni mpya isitengenezwe lakini ile iliyokwisha kuhifadhiwa ndani ya tezi inabidi iishe, na tezi ya kawaida inaweka akiba ya miezi miwili mitatu. Ukiwa na pumu mwambie daktari kabla hujapewa propranololi. Vidonge visipotosha kuna iodini ya mionzi, ambayo tezi inainyonya yenyewe na kuungua taratibu, au upasuaji. Njia hizo mbili nyingi zinaishia mtu kumeza levothairoksini maisha yake yote, na macho yakiwa yameathirika iodini ya mionzi inaweza kuyazidisha, kwa hiyo iongeleeni vizuri kabla ya kuamua.

Vitu viwili usivisahau. Ukiwa kwenye kabimazoli ukapata homa na koo kuuma, usisubiri kesho, acha dawa na nenda hospitali siku hiyo hiyo wakupime chembe nyeupe za damu, ni mara chache sana dawa hiyo inazishusha lakini ikitokea ni hatari kweli. Na kama unavuta sigara acha, siyo kwa mahubiri ya kawaida, sigara inayaharibu zaidi macho ya mgonjwa wa Graves na matibabu ya macho yanakuwa magumu.

SWALI: Natumia levothairoksini miaka mitatu sasa na nimegundua nina ujauzito wa wiki sita. Mama mkwe anasema niache dawa zote nisimdhuru mtoto. Nifanye nini? (Mama mtarajiwa)

JIBU: Hongera sana mama, na mpe mama mkwe heshima zake lakini dawa hii usiiache hata siku moja. Si dawa ngeni mwilini, ni T4 ile ile ambayo tezi yako ingetengeneza. Mtoto aliyeko tumboni tezi yake inaanza kutengeneza homoni karibu na wiki ya 12 na inachukua muda tena mpaka ijitosheleze, kwa hiyo miezi hii ya mwanzo, wakati ubongo wake unajengwa, anategemea homoni zako. Tena wewe mwenyewe unahitaji zaidi ya zamani, wanawake wengi wenye hali yako dozi inapandishwa kwa kama asilimia 25 mpaka 30 mapema kabisa. Usisubiri kliniki ya kwanza, wasiliana na daktari wako leo, ipimwe TSH, na irudiwe kila baada ya wiki nne hivi kwenye nusu ya kwanza ya ujauzito. Vidonge vya madini ya chuma utakavyopewa umeshasoma hapo juu, masaa manne.

Mtoto akizaliwa uliza kama wanapima tezi kwa tone la damu ya kisigino. Kuna watoto, kama mmoja kwa kila 2,000 mpaka 4,000, wanazaliwa tezi haifanyi kazi na kwa macho hawana tofauti na wengine siku za mwanzo, wakianzishiwa dawa ndani ya wiki mbili za kwanza akili yao inakua kawaida, wakichelewa miezi hairudi. Napenda kila mzazi alijue hili hata asiye na tatizo la tezi.

SWALI: Nina uvimbe mbele ya shingo, miaka mingi, hauumi. Vipimo vya homoni vyote viko sawa. Kuna mtu ananiuzia matone ya iodini anasema utanywea. Na pia nisile kabichi? (Mzee wa shingo)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Goita, yaani huo uvimbe wa tezi, kwa homoni za kawaida inawezekana kabisa. Duniani chanzo kikubwa kimekuwa upungufu wa iodini: malighafi ikiwa haba TSH inaihimiza tezi, tezi inakua ili inase hata kidogo kinachopita kwenye damu, na ikifanikiwa homoni zinabaki sawa ila shingo ndo imevimba. Uswisi, ambako goita ilikuwa imejaa milimani, walianza kutia iodini kwenye chumvi mwaka 1922, na jimbo la Michigan la Marekani likafuata mwaka 1924, na uvimbe ulipungua sana kwa watoto. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, kwa hiyo chumvi yenye madini joto kwa kiasi kile kile kidogo cha kawaida inatosha, usiongeze chumvi kwa ajili ya tezi ukajiletea presha.

Matone hayo usinunue. Goita ya miaka mingi mara nyingi ina vinundu ndani yake, na vingine vimeshazoea kufanya kazi bila kusubiri TSH, ukivimwagia iodini nyingi vinaweza kutengeneza homoni kupita kiasi na kwa umri wako moyo ndo utakaoumia. Kwa mtu mwingine iodini nyingi inafanya kinyume, inaizima tezi. Badala yake fanya altrasaundi ya shingo. Vinundu vingi, zaidi ya tisa kwa kumi, si saratani, ila uvimbe ukianza kukua haraka, sauti ikikauka isirudi, kumeza au kupumua kukawa shida, au ukagusa kitu kigumu kisichosogea, hapo usikae nyumbani.

Kabichi kula mzee, iliyopikwa, kiasi cha kawaida. Ina vitu vinavyoizuia tezi kidogo kunyonya iodini lakini mpaka viwe tatizo inabidi mtu ale nyingi mno mbichi huku iodini yenyewe hana.

SWALI: Dokta nimepima TSH iko 2.1 safi kabisa baada ya mwaka wa vidonge vya levothairoksini. Nimepona si ndio, niache? Halafu natumia vidonge vya nywele vyenye biotini, vina shida? (Shangwe)

JIBU: Biotini ni vitamini, na ikiwa nyingi inavuruga vipimo vya maabara, kuna aina ya mashine inaweza kukuonyesha TSH ya chini na T4 ya juu wakati wewe huna kitu, kwa hiyo ziache siku mbili tatu kabla ya kutoa damu na uwaambie maabara. Kile cha 2.1 kama ulikuwa unazimeza kirudie ukiwa umeziacha.

Na kuacha dawa ya tezi, hapana, siyo kwa sababu ya namba hiyo. 2.1 inasema kidonge unachomeza kinatosha, haisemi tezi yako imeamka. Kama tezi imeharibiwa na Hashimoto au ilitolewa, ukiacha leo T4 itapungua nusu kila wiki na baada ya mwezi au miwili utakuwa pale ulipoanzia. Wapo wanaoruhusiwa kujaribu kuacha, kwa mfano mwanamke ambaye tezi yake ilivimba na kulegea baada ya kujifungua, hiyo mara nyingi inarudi yenyewe ndani ya mwaka. Kama ulianza dawa ukiwa na mtoto mchanga mkumbushe daktari, apunguze dozi yeye mwenyewe na apime TSH wiki sita baadaye.